Jinsi ya Kuthamini na Kuuza Mkusanyo wa Stempu Ulioachwa na Marehemu

Swali hili huja kwa sura nyingi, lakini kiini chake hakibadiliki: baba, babu au shangazi amefariki, ameacha albamu kadhaa na boksi lililojaa bahasha kuukuu, hakuna hata mmoja katika familia anayejua stempu, na tayari kuna mtu aliyejitokeza na kutaja bei. Je, bei hiyo ni ya haki? Na kama si ya haki, mtu aanzie wapi?

Mwongozo huu unamlenga mrithi asiye mkusanyaji, hasa yule ambaye mkusanyo wake una stempu za Afrika Mashariki: Zanzibar, Tanganyika, Kenya, Uganda, na zile za koloni la Wajerumani. Jambo moja ni vyema ulijue mapema, kwa kuwa hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake. Katika mikusanyo mingi, sehemu kubwa ya stempu haina thamani ya kutosha kulipia nauli ya kuipeleka kwa mnunuzi, na karibu fedha zote zimo katika kurasa chache au katika bahasha chache. Anayetaja bei ya boksi zima bila kulichambua mara nyingi ameshaziona hizo chache, na anategemea kwamba wewe hujaziona.

Mambo ya kuwa nayo kabla ya kuanza

La kwanza ni haki ya kuuza. Stempu ni sehemu ya mali ya marehemu kama zilivyo samani na akiba ya benki, na asiyekuwa msimamizi wa mirathi hana mamlaka ya kuziuza, hata kama ndiye aliyekaa nazo miaka yote. Tanzania, kikao cha familia humpendekeza msimamizi na mahakama humteua. Kenya nako barua ya usimamizi hutolewa na mahakama, na Waislamu wanaweza kwenda Mahakama ya Kadhi. Nyumba kubwa ya mnada inaweza kukuuliza mali hiyo umeipataje, na ndugu aliyeachwa nje ya hesabu hatakosa kuuliza. Ikiwa warithi ni wengi, pateni maandishi yanayoonyesha kwamba wote wanajua mkusanyo upo na wameridhia uthaminiwe.

Pili, andaa vifaa vifuatavyo, ambavyo si ghali:

- Kibano bapa cha stempu, ambacho ncha zake hazina makali wala meno. Kibano cha kunyolea nyusi hutoboa karatasi.
- Lenzi ya kukuzia, ya mara 8 au 10.
- Kipima meno, yaani kadi inayopimia idadi ya matundu ya ukingo wa stempu katika urefu wa sentimita 2.
- Daftari lenye mifuko ya kuhifadhia stempu, au bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi. Usitumie mifuko ya plastiki laini yenye harufu, kwa sababu plastiki ya aina hiyo hutoa kemikali ambazo baada ya muda huharibu rangi na gundi.
- Simu yenye kamera nzuri au skana.
- Penseli. Kalamu ya wino isikaribie meza ya kazi.

Tatu, tenga muda. Albamu moja iliyojaa inaweza kukuchukua jioni kadhaa, na ni heri kuchelewa mwezi mmoja kuliko kuuza kwa pupa wiki ya arobaini ya marehemu.

Hatua za kufuata

1. Acha kila kitu kama ulivyokikuta. Usisafishe, usiloweke, usibandue, usinyooshe kwa pasi, wala usipange upya kwa namna inayokupendeza wewe. Mpangilio wa marehemu ni taarifa: stempu mbili zinazofanana zikiwekwa kando kando na kuandikiwa namba kwa penseli chini yake, huenda zimetofautiana kwa kipimo cha meno au kwa alama ya maji iliyo ndani ya karatasi, na ukizichanganya utakuwa umefuta kazi ambayo mwenyewe aliifanya kwa miaka. Tafuta pia madaftari yake, risiti, barua alizoandikiana na wauzaji, na katalogi (vitabu vinavyoorodhesha stempu na bei zake) zilizowekewa alama. Risiti ya mnada wa miaka ya 1970 inaweza kukuonyesha ukurasa wa kuanzia.

*Onyo:* Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kukata stempu kutoka kwenye bahasha "ili zikae vizuri". Stempu ya senti 20 ya Mfalme George VI iliyokatwa haina thamani yoyote ya kutajwa, ilhali bahasha hiyo hiyo ikiwa nzima, yenye muhuri wa posta ndogo ya bara na chapa ya mkaguzi wa barua wa wakati wa Vita vya Pili, inaweza kutafutwa na wakusanyaji kadhaa kwa pamoja.

2. Ziokoe na unyevu. Wakazi wa pwani wanajua hewa ya chumvi inavyoharibu karatasi. Stempu mpya ambazo bado zina gundi hushikana zenyewe kwa zenyewe, na madoa ya rangi ya kutu hujitokeza kwenye ukingo. Ziweke mahali pakavu, albamu zikiwa zimesimama wima badala ya kulazwa na kurundikwa, pamoja na vijifuko vya kufyonza unyevu vinavyobadilishwa mara kwa mara. Ziwe mbali na jua, jikoni, mende na viwavi wa karatasi. Usizifunge ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, kwa sababu utakuwa umeufungia unyevu humo humo.

3. Piga picha na uandike orodha. Piga picha kila ukurasa ukiwa mzima, kisha upige tena kwa karibu stempu zinazoonekana za zamani au zenye thamani kubwa ya uso, yaani thamani iliyochapwa juu yake. Ukitumia skana, nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa ukurasa, na 600 kwa stempu moja. Orodha yako haihitaji utaalamu. Andika albamu ya ngapi, ukurasa wa ngapi, nchi, takriban miaka gani, na idadi. Orodha hii itakuwa ushahidi kwa warithi wenzako, itakuwa barua yako ya utambulisho kwa wanunuzi, na itakulinda siku albamu itakaporudi kutoka kwa mtu "aliyeiangalia tu" ikiwa na nafasi tupu.

4. Gawa mkusanyo katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vitu vya kabla ya mwaka 1940 hivi, vya thamani kubwa ya uso, au vyenye chapa ya nyongeza juu ya stempu ya awali. Fungu la pili ni bahasha, kadi za posta, aerogramu na barua zote zilizopita posta. Fungu la tatu ni yaliyobaki: stempu za miaka ya 1950 kuendelea, pakiti zilizonunuliwa dukani, stempu za dunia nzima zilizokusanywa na mtoto wa shule, na bahasha za siku ya kwanza zilizonunuliwa posta zikiwa zimeshapigwa muhuri.

Fungu la tatu litakuwa kubwa kuliko yote, nawe usilipotezee muda. Stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika za wakati wa Malkia Elizabeth zilichapwa kwa wingi sana, na karibu kila mkusanyaji anazo. Hali ni mbaya zaidi kwa toleo nyingi za Tanzania za mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990 zenye waigizaji wa filamu, wanamuziki wa Marekani na magari ya mashindano: nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya soko la wakusanyaji wa nje, na soko hilo limejaa hadi leo. Zinapendeza macho, na pengine wajukuu wakapewa wazifurahie.

Fungu la pili ndilo ambalo warithi hulidharau, na kwa maoni yangu ndilo linalostahili uangalifu kuliko yote. Mnunuzi wa bahasha hanunui stempu peke yake. Ananunua muhuri, njia iliyopitiwa, tarehe, nauli ya posta iliyolipwa, na hata jina la mji ambao siku hizi hauna tena posta. Tafuta mihuri ya vituo vidogo, mihuri ya posta za ndani ya treni na meli za maziwa, chapa za wakaguzi wa vita vyote viwili, barua za rejista, na bahasha za huduma ya kwanza ya ndege za Imperial Airways iliyofika Mwanza kutoka London mwaka 1931. Kismayu ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza wa Afrika Mashariki hadi mwaka 1925, kwa hiyo barua ya wakati huo iliyotoka huko ina hadithi ya ziada. Bahasha za Lamu na Zanzibar za karne ya 19 zina uzito wa pekee, maana pamoja na posta iliyoendeshwa kutoka India kulikuwa na ofisi ya posta ya Wajerumani mjini Lamu, iliyofunguliwa mwaka 1888 na kufungwa 1891, na Zanzibar kulikuwa na ofisi ya Wafaransa kuanzia 1889 hadi 1904.

Kabla bahasha hizo hazijatoka nyumbani, fungua kila moja utazame ndani. Barua zilizomo zinaweza kuwa na mambo ya ndoa, madeni, mashamba na magonjwa ya watu ambao watoto wao wako hai. Zisome, zipige picha, kisha familia iamue ni zipi zitaondolewa. Barua ikibaki ndani ya bahasha huongeza thamani mara nyingi, lakini si kila kitu ni cha kuuzwa.

5. Chambua fungu la kwanza kwa lenzi. Hivi ndivyo vitu vya kutafuta, nchi kwa nchi.

*Zanzibar.* Stempu za India zilizochapwa juu neno "Zanzibar" zilitoka mwaka 1895. Kwa kuwa herufi zilipangwa kwa haraka, kuna makosa ya uchapaji yanayojulikana, mashuhuri zaidi likiwa "Zanzidar". Lisome neno hilo herufi kwa herufi katika kila stempu, lakini usishangilie mapema, kwani makosa hayo yameghushiwa tangu zamani. Zilifuatwa mwaka 1896 na stempu zenye picha ya Sultani Hamed bin Thuwaini. Baadaye zikaja stempu za rupia zenye thamani kubwa, hadi rupia 200, katika enzi za Ali bin Hamud na Khalifa bin Harub. Hizo zikiwa halisi na hazina dosari, ni za kupelekwa kwa mtaalamu moja kwa moja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, stempu zilizokuwapo ghalani zilipigwa chapa ya mkono "JAMHURI 1964", na baadaye zikaja zilizochapwa kwa mashine. Zilizochapwa kwa mashine ni za kawaida, ilhali za mkono zina tofauti nyingi na zina wakusanyaji wake maalumu.

*Koloni la Wajerumani.* Stempu za Ujerumani zilizochapwa juu thamani ya "Pesa" zilianza mwaka 1893, na zile zenye picha ya meli ya Kaisari, Hohenzollern, zilifuata mwaka 1901. Mwaka 1905 thamani zikahama kutoka pesa kwenda heller. Stempu yenyewe inaweza kuwa ya bei ndogo, lakini muhuri ulio wazi wa kituo kidogo cha bara huipandisha. Angalia pia stempu za mwaka 1916 zilizochapwa katika kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Wuga, Usambara, wakati koloni lilipokatiwa mawasiliano na Ulaya, na zile zilizopigwa chapa "Mafia" baada ya Waingereza kukiteka kisiwa hicho mwaka 1915. Chapa za Mafia zimeghushiwa mno. Bila cheti, hesabu thamani yake kuwa sifuri hadi itakapothibitishwa vinginevyo.

*Kampuni ya Waingereza na Uganda ya mwanzo.* Mwaka 1890 stempu 3 za Malkia Victoria zilichapwa juu maneno "British East Africa Company". Kwa Uganda, stempu za mwaka 1895 zilipigwa kwa taipureta na mmisionari Ernest Millar, thamani zake zikiwa katika kauri, yaani simbi zilizotumika kama fedha. Ukikuta karatasi nyembamba yenye maandishi ya taipureta, herufi U na G, na tarakimu katikati, usiiguse kwa mkono mtupu. Huenda ni nakala ya kughushi, na huenda ndicho kitu ghali kuliko vyote nyumbani mwako.

*Tanganyika.* Stempu za twiga za mwaka 1922 hupendwa na watu wengi. Za senti ni rahisi kupatikana, na thamani hupanda kadiri shilingi zinavyoongezeka hadi ile ya pauni 1.

*Kenya na Uganda, kisha Kenya, Uganda na Tanganyika.* Stempu za Mfalme George V za kuanzia mwaka 1922 zilifika thamani ya pauni 100. Hapa ndipo warithi wengi hudanganyika, kwa sababu stempu za thamani kubwa namna hiyo zilitumika zaidi kulipia ushuru wa hati kuliko kutuma barua. Iliyofutwa kwa kalamu, kwa muhuri wa mpira wa zambarau wa ofisi, au kwa tundu, ilitumika kwenye hati, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya iliyopita posta. Wako waliofuta alama za kalamu kwa kemikali na kuweka muhuri bandia wa posta, kwa hiyo tazama kwa lenzi kama kuna vivuli vya wino uliofutwa.

Kwa toleo la picha la mwaka 1935, chunguza stempu ya senti 5 yenye jahazi: kuna ile ambayo kamba imeungana na tanga na kuna ile ambayo haikuungana. Kwa toleo la Mfalme George VI la kuanzia mwaka 1938, chukua kipima meno. Stempu za sura moja, rangi moja na thamani moja zilichapwa kwa vipimo tofauti, kama 13¼, 14, na 13 kwa 11¾, na bei ya aina moja inaweza kuwa mara nyingi zaidi ya nyingine. Kazi hii inachosha macho, lakini hakuna nyingine ambayo mrithi asiye na ujuzi anaweza kuifanya mwenyewe na ikamlipa vizuri kama hii.

6. Pima hali ya kila stempu ya fungu la kwanza. Tazama mbele, geuza, tazama nyuma. Je, meno yote yapo? Kuna mkunjo, mchaniko, mahali palipokwanguliwa pakawa pembamba, doa la kutu, au rangi iliyopauka? Kama ni mpya, gundi ya asili ipo, na je, kuna kijikaratasi kilichotumika kuibandika kwenye albamu? Kijikaratasi hicho ni jambo la kawaida kwa stempu za kale na usikibandue, ingawa wanunuzi hulipa zaidi kwa stempu isiyowahi kubandikwa. Stempu yenye dosari kubwa huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya ile iliyo safi, isipokuwa kama ni adimu mno.

*Onyo:* Usiloweke stempu za kikoloni kwenye maji ukidhani unazisafisha. Nyingi zilichapwa kwenye karatasi iliyopakwa chaki kwa wino uliokusudiwa uharibike mtu akijaribu kufuta muhuri, na maji yanatosha kuuharibu. Vivyo hivyo kimiminika cha kuonyeshea alama ya maji: ni kemikali inayoshika moto upesi, na ni afadhali umwachie anayejua kukitumia.

7. Tafuta namba katika katalogi, na uisome bei inavyopaswa kusomwa. Kwa stempu za iliyokuwa himaya ya Uingereza, katalogi inayotumika zaidi ni ya Stanley Gibbons ya Uingereza. Scott hutumika Marekani, na Michel ya Ujerumani ndiyo bora kwa koloni la Wajerumani. Si lazima ununue toleo jipya, kwa sababu toleo la miaka michache iliyopita litakuonyesha uwiano wa bei hata kama tarakimu zimebadilika.

Bei ya Stanley Gibbons ni bei ambayo muuzaji wa rejareja angemtoza mteja kwa stempu iliyo katika hali nzuri sana. Hiyo si bei ambayo wewe utalipwa. Isitoshe, bei za chini kabisa katika katalogi ni gharama ya muuzaji kuitafuta stempu na kuitia katika bahasha, na hazisemi lolote kuhusu thamani ya stempu yenyewe. Kwa hiyo anayejumlisha stempu 2,000 za bei ya chini kabisa na kupata jumla ya kutisha amejumlisha ujira wa karani.

8. Linganisha na bei halisi za mauzo. Kwenye masoko ya mtandaoni ya eBay na Delcampe, tafuta vitu vilivyokwisha kuuzwa, wala usiangalie bei ambazo watu wanatamani kupata. Nyumba za mnada nazo huweka wazi matokeo ya minada yao iliyopita. Tafuta kitu kile kile, katika hali ile ile, mara tatu au nne, kisha chukua bei ya katikati. Iandike kando ya bei ya katalogi katika orodha yako, na utaona mwenyewe pengo lilivyo.

9. Omba cheti pale tu kinapolipa. Stempu za Zanzibar zenye makosa, za Kampuni ya mwaka 1890, za Uganda za taipureta na za Mafia haziuziki kwa bei yake bila cheti cha wataalamu. Kwa stempu za Kiingereza, vyeti vinavyokubalika ni vya Royal Philatelic Society London na vya BPA Expertising. Kwa za Kijerumani, ni vya wakaguzi wa BPP, chama cha wakaguzi wa stempu cha Ujerumani. Cheti hulipiwa, na huchukua wiki hadi miezi. Hakuna maana ya kukilipia kwa stempu ambayo hata ikiwa halisi haitarudisha ada na gharama za kutuma.

10. Chagua njia ya kuuza. Njia ni nne, na mkusanyo mmoja unaweza kupita zaidi ya moja.

Mnada wa nje ndio unaofaa kwa vitu adimu na kwa bahasha za kale, kwa sababu wakusanyaji wengi wakubwa wa Afrika Mashariki wako Ulaya na Amerika. Spink na Grosvenor ziko London, Heinrich Köhler iko Wiesbaden kwa vitu vya Kijerumani, na David Feldman iko Geneva. Anza kwa kutuma picha na orodha kwa barua pepe. Nyumba yenye heshima itakupa makadirio bila kukutoza. Uliza mambo manne: kamisheni yao kwa muuzaji, ada za picha na bima, bei ya chini ambayo kitu hakitauzwa pungufu yake, na siku ngapi baada ya mnada utalipwa. Chukulia kitu kilichoangukiwa na nyundo, yaani kilichouzwa mnadani, kwa pauni 400 na kamisheni ya asilimia 15. Inatoka pauni 60, zinabaki 340 kabla ya bima, posta na ada ya benki. Mnunuzi naye hutozwa ada yake juu ya nyundo, na wazabuni huihesabu kabla ya kutaja bei.

Mfanyabiashara wa stempu hulipa papo hapo na kuchukua vyote, pamoja na lile fungu la tatu. Usishangae akitoa robo ya bei ya katalogi au chini ya hapo. Naye ana pango la kulipa, na atakaa na sehemu kubwa ya stempu hizo kwa miaka. Muhimu ni kupata bei kutoka kwa watu wawili au watatu wasiojuana, kila mmoja akiwa ameuona mkusanyo wote.

Kuuza mwenyewe mtandaoni kunafaa kwa vitu vya bei ya kati ambavyo umevitambua kwa uhakika. Kunadai picha safi za mbele na nyuma, maelezo ya kweli ya dosari, na subira ya kujibu maswali. Kabla ya kuweka tangazo la kwanza, hakikisha akaunti yako ya malipo inaweza kupokea fedha kutoka nje, kwa kuwa zipo zinazoruhusu kulipa tu.

Njia ya nne ni wakusanyaji wenyewe. East Africa Study Circle, chama chenye makao Uingereza, kinahusika na stempu na historia ya posta ya eneo letu, na wanachama wa vyama vya namna hiyo hupenda kuona bahasha ambazo hazijawahi kuonekana sokoni. Shirika la Posta lenyewe huuza stempu mpya kwa wakusanyaji, lakini si mahali pa kupeleka mkusanyo wa urithi ukitarajia ununuliwe.

*Onyo:* Usimruhusu mnunuzi yeyote achague stempu kumi bora na kukuachia zilizobaki, isipokuwa kama bei ya hizo kumi inakutosha kana kwamba ndizo zote. Zilizobaki hazitauzika.

11. Tuma kwa usalama. Tumia EMS au kampuni ya usafirishaji inayotoa namba ya ufuatiliaji, na usome masharti ya bima, kwani baadhi hazilipi fidia kwa stempu. Weka stempu kati ya kadibodi mbili ngumu, ndani ya mfuko usiopenyeza maji, ndani ya boksi. Tangaza forodhani kitu kilivyo. Kuandika "picha za familia" ili kukwepa ushuru ni kupoteza haki ya kudai kitu kikipotea. Msimamizi wa mirathi atunze kila risiti, kwa sababu hesabu ya mauzo itahitajika mahakamani na katika kikao cha familia.

Yanapokwama

*Stempu mpya zimeshikana.* Usizivute. Ziweke ndani ya chombo chenye mfuniko, juu ya kijukwaa kidogo kilicho juu ya kitambaa chenye unyevu, bila kugusana na maji, na uchungulie kila baada ya saa chache. Unyevu hulegeza gundi taratibu. Gundi itapungua ubora, lakini karatasi itapona. Ikiwa ni za fungu la kwanza, mpelekee mtaalamu zikiwa zimeshikana hivyo hivyo.

*Kuna madoa ya kutu.* Tenga zilizoathirika ziwe mbali na nyingine, kausha mazingira, na usipake dawa ya kung'arishia nguo. Mnunuzi mzoefu huitambua harufu na weupe usio wa asili, na ataanza kushuku mkusanyo wote.

*Wanunuzi wawili wametoa bei zilizoachana mno.* Waulize kila mmoja ni vitu gani vitatu vilivyobeba bei yake. Aliyetaja bei kubwa huenda ameona kitu ambacho mwenzake hakukiona, au ametaja bei ya kukuvuta tu na ataipunguza albamu zikishafika mikononi mwake. Anayeweza kuonyesha kurasa kwa kidole ndiye wa kuendelea kuzungumza naye.

*Nyumba ya mnada imekataa.* Mara nyingi maana yake ni kwamba jumla haifiki kiwango chao cha chini. Waombe wakutajie nyumba ndogo zaidi, au uwaulize kama wangepokea bahasha peke yake.

*Warithi hawakubaliani.* Mmoja anataka kuuza, mwingine anataka albamu ibaki kwa kumbukumbu. Mkishafika hatua ya 8, mtakuwa na tarakimu mezani, na mara nyingi zinaonyesha kwamba vitu vichache vinaweza kuuzwa na fedha zikagawanywa, huku albamu zenye mwandiko wa marehemu zikibaki na anayezitaka kwa kupunguziwa kidogo tu katika fungu lake.

*Mnunuzi wa mtandaoni anasema amelipa lakini fedha hazionekani.* Picha ya muamala si malipo. Usitume chochote hadi salio lionekane katika akaunti yako kwa kuiangalia mwenyewe, na usifuate kiungo alichokutumia yeye.